Bastola ndogo ya risasi nene, inatufaa sie wa visiwani?

Jamaa yangu mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Darajani, na tangu avunjiwe stoo yake Ramadhani iliyopita hana mazungumzo mengine ila bastola. Tena si bastola yoyote, anataka rivolva fupi, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya kaliba 44, yaani kipimo cha unene wa risasi, kaiona kwenye video za Wamarekani, ndogo inaingia mfukoni halafu ati ukimpiga mtu nayo mara moja tu basi haamki. Juzi tuko kwenye kahawa pale Jaws Corner akanigeukia mbele za watu, wewe uliyekaa Ohio miaka minne na hizo umeshazipiga, niambie kweli bwana, nitie ombi la kibali au nisitie? Nikamwambia hili halijibiki kwa kikombe kimoja cha kahawa, wacha niandike.

Sheria kwanza, haraka haraka. Huku kwetu silaha si haki ya mtu kama walivyojiandikia wenzetu Marekani kwenye katiba yao mwaka 1791. Sie tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, unaomba, unachunguzwa, unapewa au unanyimwa, na ukipewa basi ile silaha ni dhamana yako mpaka siku unaitoa mkononi. Kwa hiyo hapa nazungumza na mtu anayetaka kupita mlango wa halali, huyo mwengine sina maneno naye.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Mwenyeji wangu kule Ohio alikuwa na Charter Arms Bulldog, rivolva ambayo ilianza kutengenezwa 1973, inachukua risasi tano za .44 Special, aina mojawapo ya hiyo kaliba 44, mtutu wa inchi tatu, tupu ina kama gramu 600 hivi. Risasi yenyewe ya zamani sana, ya mwaka 1907, na ukiiweka kiganjani unaelewa kwa nini watu wanaipenda, nene kama ncha ya kidole changu, kipenyo chake karibu milimita 11. Akanipa, nikasimama mita saba kutoka kwenye karatasi ya shabaha, masikio nimeziba, nikavuta triga. Ile triga ni nzito, unavuta unavuta huku unaiona silinda inazunguka mbele ya macho yako, nyundo inarudi nyuma, halafu ghafla inaangukia na mikono yote miwili inapaa juu. Risasi ya kwanza ikaingia karibu na kati, nikafurahi. Ya pili ikaenda chini kushoto, ya tatu chini zaidi. Yule mwenyeji akacheka taratibu akaniambia hukosi shabaha, unaliogopa teke kabla halijaja. Akanitilia ganda tupu kwenye silinda bila ya kuniambia, nikavuta, haikulia, nikauona mtutu mwenyewe umechuruka chini kwa sababu ya mkono wangu. Pale ndipo nilipofahamu kitu ambacho zile video hazikionyeshi.

Na kitu chenyewe ni hichi, udogo wa bastola na ukubwa wa risasi ni maadui. Risasi inapokwenda mbele bastola inarudi nyuma, hakuna dawa. Chukua risasi ile ile, iweke kwenye bastola yenye nusu ya uzito, itarudi kwa kasi mara mbili na nguvu ya teke itakuwa mara mbili. Ni kama kufunga mashine ya HP 40 kwenye ngarawa, mashine nzuri, ngarawa nzuri, lakini mwenye kuumia ni wewe uliyekaa nyuma. Na .44 Special ni mpole kati ya hao. Smith & Wesson wana rivolva yao 340PD ya .357 Magnum, risasi nyembamba kidogo lakini yenye nguvu zaidi, uzito wake kama gramu 330 tu, yaani theluthi ya kilo, aliyeipiga kwa risasi kamili hasahau. Tena hizi nyepesi sana zina ugonjwa wao, teke linavuta zile risasi ambazo bado hazijapigwa, kichwa kinachomoza kwenye ganda kidogo kidogo mpaka kinaziba silinda isizunguke. Kwa hiyo lile neno kwamba rivolva haigomi hata siku moja si kweli moja kwa moja.

Lakini nisimuonee jamaa yangu, ana hoja na nyengine ni nzito. Rivolva haina mambo mengi. Risasi ikigoma huvuti slaidi wala hutoi magazini kama kwenye zile bastola nyengine zisizo na silinda, unavuta triga tena inakuja ya pili, na mtu aliyeamshwa usiku wa manane kwa kishindo cha mlango akili yake haitaki mambo mengi. Inaweza kukaa na risasi zake muda mrefu hakuna springi ya magazini inayobanwa. Unaifungua silinda, unaona kwa macho yako imejaa au tupu, hata mtoto wa skuli atakwambia. Na ule unene wa risasi una maana yake, .44 Special inafanya kazi kwa kwenda taratibu, mita 230 au 250 kwa sekunde, haihitaji mgandamizo mkubwa kama zile Magnum, na kwa mtutu mfupi hupotezi mengi. Hayo yote kayasema yeye na mie nayakubali. Tena duka lake si la pipi, na siku anayobeba mauzo ya bati na saruji mpaka nyumbani kwao Kwerekwe naijua hofu yake, wallahi si ya kuchekwa.

Sasa ngoja tuulize, hizi kaliba kubwa zilitengenezwa kwa ajili ya nani? .44 Magnum ilitoka 1955, na leo ukimkuta mtu wa Alaska kaibeba mtoni anavua samaki, kaibeba kwa ajili ya dubu. Dubu ana mfupa, ana mafuta, ana hasira, kule risasi nene ina hoja. Sie msituni Jozani tuna kima punju, Ngezi kule Pemba tuna popo. Mwizi wa Unguja anayeruka ukuta si dubu. Na kwa binadamu hata wenyewe walishajaribu, FBI, makachero wa serikali ya Marekani, baada ya yale mapambano ya risasi na majambazi ya Miami ya 1986 walikimbilia kaliba kubwa, wakachukua 10 mm, maofisa wengi likawashinda teke, wakashuka kwenye .40 yenye teke dogo zaidi, na mwishowe wakarudi kwenye 9 mm waliyoikimbia. Sababu mojawapo ni ile ile iliyonitokea mie pale kwenye karatasi, mtu anapata vizuri zaidi kwa kitu asichokiogopa.

Na kuzoea hakuji kwa kuota. Mwenyeji wangu alikuwa anakwenda kiwanja cha shabaha kila Jumamosi, risasi anazinunua kwa maboksi, na za .44 Special zinamgharimu mara mbili ya za 9 mm au zaidi. Huyu wangu wa Darajani atakwenda wapi kila Jumamosi? Hutoki tu ukaenda shamba ukaanza kupiga minazi, hata kibali hakikuruhusu hivyo. Kwa hiyo atakuwa na silaha ngumu kuliko zote ndogo, ambayo kaipiga mara kumi maishani mwake. Mie hapo ndipo ninaposhindwa.

Halafu nyumba zetu. Kuta za Mji Mkongwe za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, hizo sina wasiwasi nazo. Lakini njoo Ng'ambo, njoo huko tunakojenga sasa hivi, ukuta wa tofali nyembamba, dirisha la jirani mita mbili, juu bati, watoto saba wamelala ukumbini kwa sababu umeme umekatika na ndani joto. Risasi iliyomkosa mwizi haifi hewani, inatafuta mwengine. Na gizani kwa mtutu wa inchi mbili au tatu kuna mwako unaotoka mbele na pembeni mwa silinda, baada ya mlio mmoja huoni na husikii, na zimebaki nne.

Kuna na hili la chumvi, watu wanalidharau. Mie nina kufuli ya chuma kisichoshika kutu, hivyo ndivyo nilivyoambiwa dukani, nimeitia kwenye geti masika moja tu imetoka madoa ya kahawia. Bastola inayokaa mfukoni na jasho lako na upepo wa bahari inataka kufutwa mafuta kila wiki, na risasi zake zikae pakavu. Ami yangu Wete alikuwa askari zamani, anasema silaha kisiwani ni kama ng'ombe wa maziwa, huwezi kumuacha siku mbili.

Na wazee wetu wana lao pia. Ukitaja silaha majumbani wengine akili inawarudi usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, maghala ya polisi yalipovamiwa Ziwani na Mtoni na bunduki zikaingia mikononi mwa watu. Sitaki kuifungua hiyo hapa, ila ndiyo inayofanya jirani akijua una bastola akutizame vyengine, na hata salamu yake inabadilika.

Kwa hiyo jibu langu kwake ni hili. Kama hofu yako ni duka, tia geti, tia taa, pesa zipeleke benki kabla ya magharibi, usizibebe. Kama bado unaona lazima na wenye mamlaka wamekukubalia, basi achana na hii ndogo nene, tafuta rivolva ya chuma kizito ya .38 Special, risasi nyembamba na teke lake dogo, mtutu wa inchi nne, na sefu iliyofungwa ukutani ambayo funguo anayo mmoja tu. Haipendezi kwenye video lakini utapata unapolenga.

Akanijibu jana kwa sauti kwenye simu, ami, hiyo ya inchi nne sitoweza kuificha. Nikamwambia basi fanya jaribio moja, chukua sukari gramu 700, maana ile ya 44 ikishajaa risasi inafika hapo, itie kwenye mfuko wa ubavuni wa kanzu yako ya Ijumaa, vaa, tembea kutoka Kwerekwe mpaka msikitini, rukuu nayo, sujudu nayo, na wanao wakikurukia ukirudi nyumbani angalia mikono yao inafika wapi kwanza. Kaniambia atajaribu Ijumaa hii.