Eldoret Imekuwa Jiji: Vyuo Vipanuliwe kwa Njia Gani?

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wiki chache baadaye Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kwa miaka arubaini kimekuwa mhimili wa mji huo, kilifungwa. Wahadhiri na wafanyakazi walikuwa wamegoma wakidai malimbikizo ya mishahara, pamoja na makato ya pensheni na mikopo yaliyoondolewa kwenye malipo yao bila kufikishwa yalikotakiwa kwenda. Wanafunzi walirudi makwao, na masomo yakakwama kwa sehemu kubwa ya robo ya mwisho ya mwaka.

Mambo hayo mawili yanatuachia swali ambalo viongozi wa Kaunti ya Uasin Gishu hawawezi kulikwepa. Jiji lenye wakazi 475,716 kwa sensa ya 2019 linahitaji uchumi mpana kuliko mahindi, maziwa na nyumba za kupangisha, na kila unapoulizwa uchumi huo utatoka wapi, vyuo vikuu hutajwa mapema. Wapo wanaosema vitivo viongezwe, mabewa yafunguliwe, washirika wa nje waalikwe. Wapo wanaouliza chuo kisichoweza kulipa mishahara ya leo kitapanuliwa kwa pesa zipi. Wote wana ushahidi, na ushahidi wenyewe uko Eldoret.

Chuo cha Moi kilizaliwa na mpango. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay kutoka Kanada ilipendekeza kuundwa kwa chuo kikuu cha pili nchini, chenye kuegemea sayansi na teknolojia na chenye kujishughulisha na maendeleo ya mashambani. Kilianza 1984 na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Bewa kuu lilijengwa Kesses, kama kilomita 36 kutoka Eldoret. Uamuzi huo una faida na hasara hadi leo. Kesses, ambako palikuwa mashamba, pamepata vituo vya biashara na ajira. Upande mwingine, mhandisi aliye kiwandani mjini na mhadhiri wa uhandisi wanaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana.

Wanaotetea upanuzi huanza na pesa ya mwanafunzi, na hawakosei. Chuo kilipofungwa 2024, walioumia upesi zaidi ni watu wa langoni: mwenye kibanda cha chapati na madondo, mwenye duka la kupiga chapa na kunakili, mhudumu wa bodaboda, na mwenye ploti aliyekopa benki kujenga vyumba vya wanafunzi. Kwa mwanamke anayeuza chakula, mwezi mmoja bila wanafunzi ni karo ya wanawe mwenyewe. Asiyeuona uchumi huo hajakaa karibu na chuo.

Lakini pesa hiyo ina kikomo chake. Ni pesa ya mzazi wa Kakamega, Kisii au Turkana, au ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, inayohamia Uasin Gishu kwa muhula na kuishia kwenye kodi ya nyumba na unga. Haiachi ujuzi mjini wala haizai kiwanda. Jiji linalopanga vyuo kwa kuhesabu vitanda vya hosteli litapata ploti nyingi zaidi, na siku lango likifungwa, ploti hizo zitabaki tupu.

Mfano wenye uzito ni hospitali. Kitivo cha tiba cha Moi kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, kilichagua kufundishia katika hospitali ya wilaya ya Eldoret na kuwapeleka wanafunzi wake kwenye vituo vya afya vya vijijini wakaijue jamii. Wakati huohuo ulianza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ushirikiano wa namna hiyo kwa kawaida huishia kwenye picha ya watu wakipeana mikono. Huu uliishi kwa sababu madaktari wa Indiana walikuja kukaa Eldoret kwa zamu bila kuacha pengo, nao wanafunzi wa Moi wakaenda Indiana, na wote wakakutana wodini kwenye mgonjwa mmoja.

UKIMWI ulipozijaza wodi hizo, watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja kwa miaka kumi hawakuhitaji kutambulishana. Mwaka 2001 walianzisha AMPATH, mpango wa kuwatibu wenye UKIMWI, wakianzia Eldoret na kituo cha afya cha Mosoriot. Msimamo wao ulikuwa kwamba tiba inatangulia, mafunzo na utafiti vinafuata. Waligundua kwamba mgonjwa anayemeza dawa akiwa na njaa hapati nafuu ya kutosha, wakalima mashamba ya kuwalisha wagonjwa. Kutoka vituo viwili mpango ulienea hadi makumi ya vituo magharibi mwa Kenya, na vyuo vingine kama Brown, Duke, Purdue na Toronto vikajiunga. Hospitali nayo ikakua kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, inayopokea wagonjwa hata kutoka mashariki mwa Uganda na Sudan Kusini. Wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara na wa takwimu walipata kazi ya kudumu mjini. Mgonjwa na jamaa zake wanaofika hospitalini hulala, hula, hupanda matatu. Huo ni uchumi wa jiji, na haukuanza kwa jengo.

Sitaki kuupamba kupita kiasi. Sehemu kubwa ya fedha za mpango huo ilitoka Marekani, na serikali ya huko iliposimamisha misaada Januari 2025 kazi zilitikisika na wafanyakazi wakajikuta nje. Wanaopinga upanuzi wana haki ya kuuliza: ushirikiano wa miaka thelathini na zaidi ukiwa bado unategemea bajeti inayopitishwa Washington, tumejenga nini? Jibu langu ni kwamba tumejenga watu. Madaktari waliofunzwa Eldoret wapo, na ujuzi wao haufutwi kwa amri ya rais wa nchi nyingine. Hata hivyo, miaka yote hiyo kaunti na serikali kuu zilipaswa kuwa zinabeba sehemu ya mzigo, kidogo kidogo, kabla ya kulazimishwa kuubeba wote kwa siku moja.

Rivatex ni kisa cha namna nyingine. Kiwanda hicho cha nguo kilianza miaka ya 1970, kikafilisika, na mwaka 2007 Chuo cha Moi kikakinunua. Wazo lilikuwa zuri, na bado naliona zuri: chuo chenye uhandisi wa nguo kipate mahali pa kufundishia na kufanyia majaribio, na mji urudishiwe ajira. Mitambo mipya ikaja kwa mkopo kutoka India, na Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya Juni 2019. Kilichofuata ni kile ambacho mitambo haiwezi kutibu. Pamba ya Kenya ni haba, na kiwanda kililazimika kuitafuta hadi nje ya nchi. Nguo zake zikakutana sokoni na mitumba na vitambaa vya bei nafuu kutoka Asia. Wafanyakazi wakalalamikia mishahara iliyochelewa, na mazungumzo yakageukia kumkodishia mwekezaji binafsi.

Wakosoaji husema chuo hakikuwa na kazi ya kumiliki kiwanda. Watetezi hujibu kwamba bila chuo mashine zingeuzwa kama vyuma chakavu. Naona wote wamesema kweli, lakini kwa hatua inayofuata nawaunga mkono wakosoaji. Hospitalini chuo kilifanya kazi yake, yaani kufundisha, kutibu na kutafiti. Kule Rivatex chuo kilijitwika ununuzi wa pamba, bili za umeme na masoko, vitu ambavyo baraza la chuo halikuundwa kuvisimamia. Chuo kingeweza kuwa na maabara na wanafunzi ndani ya kiwanda cha mtu mwingine, kwa mkataba, bila kubeba hasara zake.

Kuna upanuzi mwingine ambao ungali na makovu. Vyuo vya umma vya Kenya viliishi kwa miaka mingi kwa wanafunzi wa kujilipia karo kamili, na kwa kuwafuata wanafunzi hao vilifungua mabewa kila mji. Moi kilikuwa na matawi Nairobi, Mombasa, Kitale na Kericho. Kisha ukaja mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa 2016. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipoukaza dhidi ya wizi, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, walishuka hadi 88,929, kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia. Mwaka 2017 walikuwa 70,073. Serikali ikaweza kuwachukua wote kwa ufadhili wake, na mwanafunzi wa kujilipia akatoweka karibu mara moja. Wafanyakazi na majengo ya kupanga vikabaki. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2013, vyuo vishiriki vingi vilikuwa vimepewa hati za kujitegemea, kikiwemo Chuo Kikuu cha Eldoret kilichokuwa bewa la Moi la Chepkoilel. Mlezi akabaki na madeni, watoto wakaondoka na wanafunzi wao. Anayependekeza mabewa mapya leo aseme kwanza idadi yake ya wanafunzi inatoka wapi na itakuwaje ikipungua nusu.

Ningeelekeza macho kwingine, kwenye barabara inayopita Chuo Kikuu cha Eldoret kuelekea mji mdogo wa Ziwa. Wakati wa mavuno, Novemba hivi, mahindi huanikwa kando yake kwenye maturubai, na mawingu yakitanda watu wote hukimbia kuyazoa. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mkulima asiye na mahali pa kukaushia huuza mabichi kwa dalali, kwa bei ya dalali. Yakihifadhiwa hivyo huota ukungu unaoleta sumu ya aflatoksini. Chuo hicho kilianza 1946 kama kituo cha mafunzo cha wakulima wakubwa, walowezi wa wakati ule. Leo kina wataalamu wa kilimo, na wakulima wadogo wanapita langoni pake na magunia. Kitengo cha ukaushaji na upimaji wa nafaka, kinachoendeshwa pamoja na vyama vya ushirika na kufundishia wanafunzi papo hapo, kingegharimu sehemu ndogo ya bewa jipya. Kazi ingeanza na mwenye shida, kama ilivyoanza hospitalini.

Kuhusu ushirikiano wa nje, kaunti ina fundisho chungu lake yenyewe. Mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Kanada ulivurugika 2023. Wazazi waliouza mashamba na ng'ombe waliandamana wakidai pesa walizolipa kupitia akaunti iliyohusishwa na kaunti, na kesi zikafika mahakamani. Mshirika wa kigeni hakosi thamani kwa sababu hiyo. Ila kila mkataba uonyeshe hadharani nani anashika pesa, nani anakagua, na mzazi anarudishiwa nini mambo yakiharibika. Indiana haikuomba wazazi wa Eldoret walipe kwanza.

Kwa hiyo nipo upande wa upanuzi, lakini kwa mpangilio ambao wanasiasa hawaupendi kwa kuwa hauna jiwe la msingi la kuzindua. Kwanza madeni ya mishahara na pensheni ya Moi yapatiwe ratiba ya kulipwa inayojulikana na vyama vya wafanyakazi, maana mhadhiri asiyelipwa hatajenga ushirikiano na mtu yeyote. Atakuwa anatafuta kazi ya pili. Kisha bodi ya jiji, vyuo vyote viwili, taasisi za kiufundi, hospitali na vyama vya ushirika wakae meza moja na kuchagua kazi mbili au tatu tu zenye mwenye kuzihitaji tayari. Kaunti itenge fedha zake kwa kazi hizo, hata kama ni kidogo, ili mfadhili akiondoka pawe na mtu wa kuendelea. Majengo yaje baada ya hapo, yakihitajika, na nafasi ya kwanza iwe kwa maabara zilizo mjini, mahali ambapo wenye viwanda na wenye magonjwa wanafikika kwa miguu.