Mzigo wa tani si kazi ya vijana wa kijiweni

Hapa Dar es Salaam mtu akinunua jenereta kubwa au mashine ya kukoboa, anatuma ujumbe kijiweni aletewe vijana kumi wenye nguvu. Wanapatana bei, mzigo unaanza kusukumwa juu ya vipande vya bomba, na kila mmoja anatoa amri yake. Utaratibu huu naupinga. Mwenye mali anayeita vibarua badala ya wataalamu wa kunyanyua mizigo mizito hajaokoa pesa. Amewatwisha vijana hatari aliyopaswa kuilipia yeye.

Jenereta ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha uwezo wake wa kutoa umeme) mara nyingi huzidi tani moja. Igawe kwa watu kumi, kila mmoja ana zaidi ya kilo 100. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaka mzigo anaobebeshwa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Na hata mgawanyo huo ni wa kwenye karatasi. Kwenye ngazi uzito huwashukia walio chini, na mmoja akiteleza, sehemu yake inawaangukia wenzake papo hapo.

Kijana akivunjika mguu hupewa pole na nauli ya kwenda hospitali. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri huuchangia. Lakini mtu aliyeitwa asubuhi, ambaye jina lake halikuandikwa popote, ataanzia wapi kudai?

Kikosi kinachoijua kazi hakianzi kwa kunyanyua. Msimamizi huja kwanza kutazama. Anasoma kibati cha uzito kwenye mashine, anapima mlango, anauliza chemba ya maji taka ilipo, kwa sababu mguu wa kreni ukikanyaga mfuniko wake, kreni inaweza kupinduka na mzigo wake. Anaangalia nyaya za umeme zinazokatiza juu. Anajua pia kwamba kreni inayoitwa ya tani 10 hunyanyua tani hizo mzigo ukiwa karibu nayo. Mkono wa kreni ukirefushwa kuvuka ukuta, uwezo hushuka sana. Mikanda ya kuning'inizia mzigo kwenye kreni nayo ina hesabu yake. Mzigo wa tani 2 ukining'inia kwa mikanda miwili iliyosimama wima, kila mkanda unavutwa kwa tani 1. Ikitanuliwa hadi kila mmoja ulale kwa nyuzi 30 tu kutoka usawa wa mzigo, kila mkanda unavutwa kwa tani 2. Mzigo ni uleule, mikanda ni ileile. Asiyefundishwa ataikagua, ataona haijachanika, ataruhusu watu wausogelee mzigo.

Huwa naulizwa vijana hao watakula wapi. Ni swali la haki. Kreni haijipangii mbao chini ya miguu yake, wala haiongozi kamba, wala haizuii wapita njia wasipite chini ya mzigo. Mikono inahitajika, na ningependa iwe ya vijana haohao, wakiwa wamefundishwa, wamesajiliwa, wana buti na glavu.

Ila si kila mwenye breki dauni, yaani gari lenye kreni, ni mtaalamu. Anayekutajia bei kwa simu bila kuuliza uzito wala kufika, achana naye. Omba uone cheti cha ukaguzi wa kreni. Kwa Tanzania ukaguzi huo uko chini ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Muandikiane nani atalipa mashine ikianguka, na nani atamtibu atakayeumia. Bei itaipita ya kijiweni, pengine mara kadhaa, lakini ilinganishe na bei ya mashine uliyonunua. Na siku ya kazi msimamizi akikataa kuanza kwa sababu mvua imelainisha ardhi pale kreni inapotakiwa kusimama, usimgombeze wala usimtishie kwamba utaita wengine. Mlipe gharama ya kufika, mpange siku nyingine.