Fomu ya ubini haimkamati mpwa

Oktoba ikikaribia na korosho zikianza kudondoka, maneno ya undugunaizesheni, yaani kupeana kazi kindugu, yanarudi kwenye vyama vya ushirika vya wakulima Tandahimba, Newala na Masasi: karani wa mizani ni mtoto wa nani, mlinzi wa ghala ni shemeji wa nani. Ofisi inayotaka kuonekana safi huandika mstari mmoja kwenye kanuni zake: "Hairuhusiwi kuajiri ndugu wa mtumishi." Kwangu mimi mstari huo ni bure, na huku kusini ni bure zaidi.

Ndugu ni nani, kwanza? Anayechuja maombi hulinganisha majina ya mwisho. Lakini kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo kwa desturi unafuata upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti juu ya kijana, na mjomba na mpwa hawana ubini mmoja, kwa kuwa ubini unatoka kwa baba. Basi mpwa wa katibu anapita bila mtu kushtuka, halafu anakatwa kijana ambaye kosa lake ni kufanana jina na mhasibu asiyemjua hata kwa sura. Fomu iutaje uhusiano wenyewe: mke au mume, mchumba, mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, mjomba, mpwa, mkwe, shemeji, na yeyote aliyelelewa nyumba moja na mwombaji. Walioingia jando pamoja ningewaacha. Ukiwaweka, kijiji kizima hutapata wa kushika kalamu.

Waijaze mwombaji na watumishi waliopo, na hao waliopo warudie kila mwaka kabla ya msimu, maana ndoa hufungwa na huvunjika. Kosa liwe kuficha. Ukimkata papo hapo aliyesema kweli, mwaka unaofuata fomu zote zitarudi zimeandikwa "hakuna".

Sasa njoo kwenye mizani. Mkulima anashusha gunia, karani anasoma uzito, anatoa wa gunia tupu, anaandika kilo kwenye risiti. Mtunza ghala anapokea na kusaini. Lori linakwenda ghala kuu, wanapima upya, na huko ndiko upungufu unakojitokeza. Sahihi hizo zina maana kwa sababu wanaoziweka hawali jiko moja. Sasa karani awe mpwa wa mtunza ghala, na gunia tupu la kilo 1 alitoe kwa kilo 1 na nusu. Kwenye magunia 1,000 ni kilo 500 za wakulima zisizo na mwenyewe. Kwa bei ya shilingi 3,000, tuseme, hiyo ni 1,500,000, na kilo zenyewe zitaandikwa kwa jina la mtu asiye na mkorosho hata mmoja. Au zitapotea baadaye kwa jina la unyaufu. Korosho kweli hupungua uzito zikikauka, ila neno hilo linafunika mengi pale anayeuliza na anayeulizwa wanaitana mjomba.

Kwa hiyo sharti ninaloona linafaa ni hili: ndugu wawili wasishike kazi zinazokaguana. Kupima na kupokea, kuandaa malipo na kuidhinisha, kusimamia na kusimamiwa. Mpwa akiwa na sifa, mpeleke kituo kingine.

Kwenye kikao cha bodi, mjumbe mwenye ndugu kwenye orodha atoke kabla majina hayajasomwa, na muhtasari uonyeshe saa aliyotoka na saa aliyorudi. Kukaa humo "bila kuchangia" hakutoshi. Mwenyekiti akinyamaza, wenzake wanamsikia. Wala asiwe ndiye aliyeandika vigezo, kwa sababu hapo anaweza kushinda nje kutwa na mtoto akapita, tangazo likiwa kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya huyo huyo mtoto.

Wapo pia wanaotaka watumishi wawili wakioana, mmoja aache kazi, na sote tunajua huambiwa nani. Huko ni kujitafutia kesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na hali ya ndoa imetajwa humo. Serikali yenyewe inapokea maombi ya uhamisho wa kumfuata mwenza. Mwalimu na mke wake muuguzi wakiwa wote Liwale hakuna tatizo. Tatizo ni mmoja kuidhinisha posho ya mwenzake, na dawa yake ni kubadilisha anayeidhinisha.

Tundu kubwa, hata pale sera ilipoandikwa vizuri, ni ajira za msimu. Sera inawabana wa kudumu, huku makarani wa miezi mitatu, wapakiaji na walinzi wakiitwa kwa simu usiku mmoja. Majina yao yabandikwe ofisi ya kijiji siku 7 kabla ya kazi kuanza, na pembeni ya kila jina kuwe na safu ya "ndugu wa nani". Palipoachwa wazi, wanakijiji watajaza wenyewe.