Akili inayotupita: ni upana au ni ukuta?

Machi 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo wa ubao uitwao Go, michezo minne kwa mmoja. Katika mchezo wa pili, hatua ya 37, iliweka kete mahali ambapo wachambuzi wa mchezo huo walidhani imekosea. Haikukosea. Tangu hapo wengi huitaja hatua hiyo kama ushahidi kwamba ipo akili iliyo nje ya upeo wa binadamu. Mimi naona inathibitisha jambo dogo kuliko hilo, ingawa swali lenyewe, kama inaweza kuwepo akili ambayo hatutaielewa kamwe, ni zito.

Wanaosema akili ya namna hiyo inawezekana huanzia kwenye ubongo, na wana haki. Ubongo wetu una uzito wa kilo 1.4 hivi na seli za neva zipatazo bilioni 86. Ukubwa huo haukuwekwa hapo kwa kuwa ndio mwisho wa akili. Kichwa cha mtoto lazima kipite kwenye nyonga ya mama, na ubongo, ulio asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hula karibu asilimia 20 ya nishati yake mwili ukiwa umepumzika. Ishara za neva zenye kasi kubwa hukimbia mita 100 hivi kwa sekunde. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000. Hakuna kanuni ya fizikia inayoamuru kufikiri kuishie tulipofika sisi. Tena sokwe haijui aljebra na wala hajui kwamba haijui. Kwa nini tuwe sisi wa kwanza kuliona kila pengo letu?

Hoja ya sokwe hunisumbua kweli, lakini inachukulia akili kuwa ngazi moja ambayo kila kiumbe kasimama kwenye kipago chake. Wahenga waliliona jambo hili vingine: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ayumu, sokwe aliyefanyiwa utafiti huko Kyoto, alikumbuka vizuri zaidi mahali pa tarakimu zilizoonekana kwa sehemu ndogo ya sekunde kuliko wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa naye, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007. Tembo wa Afrika ana seli za neva mara tatu ya zetu, ila nyingi mno ziko kwenye serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miendo ya mwili. Nani yuko juu ya nani hapo?

Upande wa pili, wa wanaosema hakuna akili tusiyoweza kuifuata, humtegemea mwanahisabati Alan Turing. Mwaka 1936 alionyesha kwamba mashine sahili, yenye kanuni chache na utepe usiokwisha, inaweza kufanya hesabu yoyote ambayo mashine nyingine ya aina yake ingefanya. Mtu mwenye kalamu, karatasi na muda wa kutosha anaweza kuzifuata kanuni hizo. Basi chochote kitakachokokotolewa na akili kubwa zaidi, nasi tunaweza kukifuata hatua kwa hatua. Historia nayo inawapa nguvu wenye hoja hii. Jaribu kuzidisha namba mbili kubwa kwa tarakimu za Kirumi, halafu uzidishe kwa tarakimu tunazotumia leo, zenye sifuri. Ubongo ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kuandika, na kazi iliyowashinda wengi sasa hufanywa na mtoto wa shule. Huenda mengi tunayoyaita yasiyofikika yanangoja tu maandishi yake.

Ninaikubali hoja hii mpaka yanapotajwa maneno “muda wa kutosha”. Hapo ndipo pamefichwa shida yote. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken walithibitisha kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bapa ili nchi zinazopakana zisifanane rangi. Kompyuta ilitumia zaidi ya saa 1,000 kupitia mamia kwa mamia ya hali mbalimbali. Kila hatua ni nyepesi, lakini hakuna mtu aliyezishika zote kichwani kwa pamoja, na kuelewa, kwangu mimi, ni kuona kwa nini, si kupita tu kwenye kila hatua. Watafiti wa kumbukumbu hukadiria kwamba akili yetu hushikilia mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ninaamini akili zinazotupita zinaweza kuwepo, na tofauti yake nasi itakuwa ya upana, yaani wingi wa mambo zinayoyashika kwa pamoja. Ukuta usiopitika siuoni.

Mchezo wa Go wenyewe unaelekea huko. Wachezaji walizisoma hatua za mashine na leo wanazicheza. Na mwaka 2023 mchezaji wa ridhaa wa Marekani aliishinda programu yenye nguvu ya KataGo michezo 14 kati ya 15. Udhaifu wa KataGo uligunduliwa na programu nyingine, lakini mchezaji huyo alijifunza mbinu hiyo na kuitumia bila msaada wa kompyuta.

Lakini kwenye Go ubao hutoa hukumu jioni hiyohiyo. Akili mnemba ikitushauri kuhusu sera ambayo matunda yake yataonekana baada ya miaka 30, huku sababu zake ni nyingi kuliko kichwa chochote kinavyoweza kubeba, tutampima nani kwa lipi? Anayeumia kwa ushauri huo hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba kwa nadharia angeweza kuufuata.

Hisabati imeshapata njia. Mwaka 2005 mwanasayansi wa kompyuta Georges Gonthier alihakiki uthibitisho wa rangi nne kwa Coq, programu ya kukagua uthibitisho wa hisabati, ambayo kiini chake ni kifupi kiasi cha watu kukisoma na kukikagua. Uthibitisho wote bado hauingii kichwani mwa mtu, ila anayeuhakiki tunaweza kumkagua. Kwa ushauri wa tiba, sheria au uchumi, mhakiki wa namna hiyo bado hajatengenezwa.