Moto uliofika hadi kwenye vihenge
Katika makala yake kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, mwandishi ameeleza vyema jinsi mashujaa wa vita hivyo walivyonyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, lakini vijiji vilivyochomwa amevigusa kwa sentensi moja tu. Marehemu bibi yetu, ambaye naye alisimuliwa na wakubwa wake, hakuanza kamwe na mapigano. Alianza na kihenge cha mtama kilichofuka moshi kwa siku kadhaa, na wanawake waliochambua majivu kwa vidole wakitafuta punje zilizosalimika. Wajerumani waliteketeza chakula kwa makusudi ili njaa imalizie kazi ya bunduki, na njaa hiyo, iliyoua watu wengi kuliko risasi, ndiyo aliyoitaja kila tulipobakiza ugali sahanini.