Matope ya Shinkolobwe yalisafishwa Ohio, kwetu bado

Hapa Lubumbashi ukitaja tu Shinkolobwe, ule mgodi wa uraniamu, mtu anakurukia na Hiroshima, kwamba ile bomu ya 1945 ilitoka ku udongo wa Katanga, na si uongo, Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, alituma New York karibu tani 1,200 za mawe ya uraniamu toka 1940, yakalala Staten Island mpaka Wamarekani wakayanunua. Sawa, hiyo tunaijua, tunajisifu nayo hata, sijui juu ya nini. Mimi ninauliza kingine: mabaki ya yale mawe nani aliyafagia?

Ukishatoa uraniamu mu jiwe, radiamu, nayo ni ya mionzi, inabaki mu matope, na inachukua miaka 1,600 njo nguvu yake ipungue nusu. Matope ya jiwe letu waliyapa jina K-65, mengi wakayatia mu silo, yaani matangi makubwa, mbili za betoni ku Fernald, kiwanda cha uraniamu cha Wamarekani mu jimbo la Ohio, miaka ya 1950. Tena sikia hii: Wabelgiji waliuza uraniamu tu, radiamu walisema bado ni yao, watunziwe! Basi silo zikazeeka, zikapasuka-pasuka, radoni, gesi ya mionzi, inatoka, na 1984 majirani wa kile kiwanda wakaanza kupiga kelele.

Kazi yote ya kusafisha Fernald ilikula dola zaidi ya bilioni 4, lakini si pesa njo zinanishangaza, ni vile walipanga. Walipima kwanza, udongo, maji ya chini, kuta, mabomba, kila kitu kikaandikwa. Halafu 1993 ikaundwa kamati yenye raia wa pale, wakaulizwa hii ardhi kesho itakuwa ya nini, juu kama watoto watajenga na kulima hapo utachimba udongo mingi sana, kama itakuwa pori la ndege utachimba kidogo. Wakakubaliana udongo wenye sumu kidogo ubaki palepale mu shimo lililotandikwa vizuri chini na kufunikwa juu, matope ya silo yaende mbali. Na hata hivyo mpango uliwaponyoka: walitaka kuyayeyusha yawe kama kioo, mtambo wa majaribio ukaharibika Desemba 1996, ikabidi warudi mezani na kuchagua saruji, wakayafunga mu mapipa ya chuma zaidi ya 3,700 na kuyapeleka Texas. Leo Fernald kuko majani na ndege, ingawa maji ya chini bado wanayavuta na kuyasafisha.

Kwa hiyo mtu akikuambia kusafisha ni kuleta bulldoza, mwambie akae. Bulldoza inakuja mwisho. Ukibomoa ukuta ambao haujaupima unatengeneza vumbi, na vumbi halina mpaka, linaingia mu nyumba, mu kisima, mu mapafu ya ule mfanyakazi ambaye hakuna aliyemuambia kitu.

Sasa njoo Shinkolobwe yenyewe, pale karibu na Likasi. 1960, uhuru uko mlangoni, wazungu wakaziba mashimo na betoni wakaenda. Bei ya kobalti ikapanda, watu wakaingia kuchimba na mikono, Januari 2004 rais akatoa amri ifungwe, Julai ardhi ikaanguka ikaua watu 8, Leta, yaani serikali, ikafukuza watu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja. Kufukuza watu unaita kusafisha? Mawe bado yako palepale, mvua inayapiga kila mwaka.

Na Kinshasa kuko TRICO II, ile reakta, mtambo wa nyuklia, ya chuo kikuu ambayo imezimwa toka 2004. Yenyewe siku moja itabomolewa, na mpango wa hiyo lazima uandikwe wakati wale waliofanya kazi ndani bado wanaishi na wanakumbuka bomba gani lilivuja, si kusubiri wote wazikwe.

Nani atalipa Shinkolobwe? Sheria yetu ya madini inadai kampuni iweke dhamana ya kurudisha ardhi, vizuri, lakini yule aliyeondoka 1960 hakuweka hata senti. Ukienda Brussels watakuambia nyinyi wenyewe mlitaifisha Union Minière, muulizeni Gécamines, kampuni ya Leta iliyorithi migodi, na hapo hawakosei kabisa. Lakini radiamu ya Shinkolobwe ya mbele ya bomu ilisafishwa kwao Olen, mji wa Ubelgiji, faida ilikaa kwao, na Olen ilipochafuka hawakumwambia mkulima wa pale ahame wakaita hiyo suluhisho. Kwa hiyo waje mezani, na Gécamines ije, na Leta ije.

Na wasianze na semina ya hoteli, tunawajua. Waanze na mashine za kupimia, visima vya Likasi na vijiji vya kando, majibu yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, pamoja na namba zenyewe.