Dakika 38, na pointi niliyonyimwa

Wiki iliyopita nilinyimwa pointi, na mpaka leo sijaisamehe.

Ilikuwa chemsha bongo ya kujifurahisha tu. Timu nne, maswali ya "je, wajua?", na mwendeshaji kashika simu anasoma majibu kama hakimu anayesoma hukumu. Swali likaja: vita vifupi kuliko vyote katika historia, vile vya Waingereza na Zanzibar mwaka 1896, vilidumu dakika ngapi? Nikajibu kwamba inategemea unaanza kuhesabu wapi, ila ni kati ya 38 na 45. "Jibu ni moja tu, ndugu yangu." Timu ya pili wakapiga kelele "38!", wakapewa pointi yao, na mwendeshaji akaongeza la kwake: "Hata kipindi cha kwanza cha mpira hakikuisha!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, sitajitakasa hapa. Kicheko kilikuja kunikwama kooni baadaye, njiani.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na dondoo za kushangaza. Haya, ninao kidogo. Ukuta wa China hauonekani kutoka mwezini. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa angani na nchi yake, aliizunguka dunia mwaka 2003, karibu mno kuliko mwezi ulivyo, akarudi akasema hakuuona. Einstein hakufeli hesabu. Napoleon hakuwa mfupi kuwazidi wenzake wa zama zile. Haya yamesahihishwa mara elfu, na kesho asubuhi kuna mtu atanitumia tena yote matatu kwa mkupuo, na maneno "ulikuwa unalijua hili?" juu yake.

Zipo zinazofanya kazi ya maana, nakubali shingo upande. Cleopatra aliishi karibu zaidi na siku binadamu alipokanyaga mwezi kuliko siku piramidi kubwa la Giza lilipojengwa. Nilipoisikia hiyo mara ya kwanza nilichukua karatasi nikapiga hesabu mwenyewe, nikijua nitamkamata mtu. Sikumkamata mtu. Halafu kuna yule nondo: tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II pale Harvard walimkuta amenasa ndani ya relei, yaani swichi ya umeme, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba hiki ni kisa cha kwanza cha mdudu halisi kupatikana. Tunaambiwa ndiyo sababu wasemao Kiingereza huziita hitilafu za kompyuta "bug", yaani mdudu. Wapi! Angalia hilo neno "halisi". Utani wao ulinoga kwa sababu mafundi walikuwa wakiziita hitilafu hivyo tangu zamani. Mvumbuzi Thomas Edison alilitumia neno hilo mwaka 1878. Anayesimulia kisa hiki kama chanzo cha neno ameua nondo na utani kwa pigo moja.

Lakini hii ya dakika 38 haina uongo ndani yake, na ndiyo maana inaniudhi kuliko zote.

Tuanze na hizo dakika. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila kungoja ridhaa ya Waingereza, ambao wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Akapewa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Saa 3 na dakika 2 manowari zikaanza kupiga. Ukihesabu tangu risasi ya kwanza mpaka makombora yalipokoma, kama saa 3 na dakika 40, unapata 38 zako. Ukianza saa 3 kamili, au ukangoja mpaka bendera ilipokwisha kuanguka, unapata zaidi. Kwa hiyo 38 inapima jinsi mizinga ya Waingereza ilivyofanya kazi asubuhi ile. Aliyeshika saa ndiye aliyekuwa anapiga.

Sasa ingia ndani ya kasri, mahali ambapo dondoo haiingii. Sehemu kubwa ilikuwa ya mbao. Walikuwamo na pembeni yake watu wapatao 3,000 wa kuilinda, na bandarini ilikuwapo meli ya Sultani iitwayo Glasgow, iliyothubutu kujibu mapigo na ikazamishwa. Watu kama 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Gawanya 500 kwa 38. Ni watu 13 kila dakika. Hiyo nayo ni dondoo ya kushangaza. Isomeni ukumbini tuone nani ataleta utani wa kipindi cha kwanza.

Sisemi Khalid alikuwa malaika. Alikuwa mwana wa mfalme aliyetaka kiti, katika dola iliyokuwa bado ina watumwa, na alipoona mambo yamemzidi alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani akawaacha wengine chini ya makombora. Wajerumani wakamvusha mpaka Dar es Salaam. Waingereza walikuja kumkamata huko mwaka 1916, miaka 20 baadaye, wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena, kisha akaruhusiwa kurudi pwani, akafia Mombasa mwaka 1927. Wenye saa walikuwa wamekwisha kuzima yao siku nyingi.

Najua nitajibiwa kwamba bila dondoo hiyo wengi wasingesikia kabisa kuhusu asubuhi ile. Inawezekana. Lakini mtu anayefahamishwa kuhusu msiba kwa njia ya kichekesho hupokea kichekesho, na msiba anauacha mlangoni. Nimeona kwa macho yangu: watu zaidi ya thelathini ukumbini, wote wanaijua namba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alikuwa upande wa pili wa mizinga. Hata mimi niliyejifanya msomi wa 38 na 45 nilikuwa nabishana kuhusu saa.

Nimemtumia mwendeshaji swali la raundi ijayo, kwa uchokozi tu: katika vita hivyo, Waingereza waliojeruhiwa walikuwa wangapi? Hapo jibu ni moja, kama anavyopenda. Ni mmoja, wa manowari ya Thrush, na alipona.